Kocha Anayetakiwa Ohio

Jumatatu, 9 Februari 1987

Tumefungwa. Tena. Na Chuo cha Mtakatifu Bruno, tena kwa pointi thelathini na moja. Timu yetu inaitwa Nyigu. Mwaka huu hatujamuuma mtu. Mechi ishirini na moja, tumeshinda sita, na katika moja ya hizo sita wapinzani walikwama kwenye theluji wakafika wachezaji watano tu, mmoja akiwa na mafua.

Mimi, Orval Dinkel, miaka hamsini na nne, kocha wa mpira wa kikapu wa Chuo cha Pell Fork, Indiana, kwa mwaka wa kumi na moja. Naliandika jina langu mwenyewe kwa sababu leo hakuna mwingine aliyelitaja.

Maisha yangu ya kazi kwa ufupi: miaka mitatu mchezaji wa akiba, jumla ya pointi nne. Miaka kumi na sita kocha msaidizi katika vyuo vinne. Nimefua jezi. Nimeendesha basi. Mabingwa walipopanda ngazi kukata wavu wa kikapu, kama ilivyo desturi ya ubingwa, mimi ndiye niliyekuwa naishika ile ngazi.

Asubuhi Bwana Thurman Voss, mkurugenzi wa michezo, alinipita koridoni. Akasema, "Orval, wiki hii tutafute nafasi tuongee." Hakunitazama usoni. Alitazama viatu vyangu! Mkataba wangu unaisha tarehe 31 Machi. Mtu mzima haambiwi mara mbili.

Mchana kwa kinyozi. Kinyozi anasema Gaylord Prewitt, kocha wa Mtakatifu Bruno, kaongezewa miaka mitano. Kwa nini? Ulivuma uvumi kwamba Michigan wanamtaka. Basi, uvumi tu! Chuo kikaingiwa na hofu, kikaleta kalamu. Prewitt huyuhuyu niliyemfundisha kufunga tai. Jana kanipa mkono akaniambia, "Vijana wako wanajitahidi, Orval." Wanajitahidi! Kama anaongea na mama wa watoto wa chekechea.

Nimekaa kwenye kiti cha kinyozi nywele nusu zimekatwa, na wazo likanijia. Kocha asiyetakiwa kwake hana budi atakiwe kwingine.

Jumanne, 10 Februari

Nimemwendea shemeji yangu Harlan, kaka yake mke wangu Lorene. Anauza chakula cha nguruwe katika kaunti tatu, lakini ana sauti nzito ya mtu mwenye ofisi yenye zulia. Nilimwandikia karatasi. Jina lako Daktari Whitcomb. Unapiga simu kutoka chuo kikuu kimoja kikubwa cha Ohio ambacho usingependa kukitaja kwa sasa. Unaomba ruhusa ya kuzungumza na Kocha Dinkel msimu ukiisha. Sentensi tatu. Asante, kwaheri.

Harlan aliuliza kama ni dhambi. Nikamwambia ni biashara.

Tulipiga saa nne kutoka dukani kwake. Alipokea Bi. Ardith Kloepfer, sekretari wa Bwana Voss. Harlan alisoma sentensi zote tatu, safi kabisa. Nikampa ishara akate. Hakukata! Alikuwa amenogewa. Akasema wananifuatilia kwa miaka. Akasema huko Ohio hata watoto wa shule wanalijua jina langu. Akasema jimu lao lina viti elfu kumi na mbili, vyote vyekundu. Nikamfinya paja. Wakati huohuo mteja mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Harlan, magunia ya chakula cha vitoto vya nguruwe yako wapi?" Harlan akaziba simu, akamwelekeza, akarudi, akasema, "Samahani, mheshimiwa, hapa kuna mkutano wa bodi."

Bi. Ardith alisema ujumbe ataufikisha. Basi. Sauti yake ya kawaida.

Nimetoka jasho shati zima. Lakini imepita.

Jumatano, 11 Februari

Imefanya kazi!

Bwana Voss kaniletea kahawa. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ghorofa mbili kwa ngazi. Miaka kumi na moja sijui kama alikuwa anafahamu ofisi yangu iko wapi. Akasema, "Kumbe ulikuwa unatuficha, Orval!" Nikamjibu kwamba siko huru kuzungumzia jambo hilo. Sentensi tamu sana. Nimeirudia mara nne leo, mara moja kwa mtu aliyeniuliza saa.

Nilisubiri atoe mkataba mpya. Hakutoa. Bado anaumia, nadhani. Nimpe siku mbili.

Alhamisi, 12 Februari

Mwandishi wa gazeti la mji alipiga simu jana jioni. Sikusema uongo wowote. Aliuliza kama ni kweli Ohio. Nikakohoa. Leo, ukurasa wa kwanza: OHIO YAMWITA DINKEL? Alama ya kuuliza ni ndogo mno. Lazima uvae miwani.

Kwa Maxine, ambako huwa napata chakula cha mchana, watu walisimama. Nyama ya nguruwe ya kukaanga ilizidi mkate pande zote kama kofia ya mwanamke wa kanisani, na pai pia, kipande cha bure, kikubwa kuliko cha mkuu wa polisi. Aliona. Hakufurahi.

Kisha nyumbani. Lorene alikuwa ameshika gazeti. Ni mwalimu wa darasa la tatu, miaka ishirini na sita kwenye darasa hilohilo, mji baada ya mji. Niliingia nimejiandaa kumweleza yote, tucheke pamoja. Kabla sijavua koti alinikumbatia. Alisema, "Hatimaye wamekuona."

Nilifungua kinywa. Kikatoka: "Bado mapema, Lorene."

"Najua wewe huwezi kujisifu," akasema. "Ndiyo maana sikukuuliza."

Nilikwenda bafuni nikafungua bomba nisikie kitu kingine.

Jumamosi, 14 Februari

Tumefungwa kwa pointi tisa tu. Mashabiki walipiga makofi nilipoingia. Mtoto mmoja alitaka nisaini mpira wake. Nilisaini. D ya Dinkel ikawa kama yai.

Bado mkataba hakuna. Sina raha. Jambo lililofanikiwa lisingenikosesha usingizi hivi.

Jumatatu, 16 Februari

Siku mbaya.

Cordell Mabry, nahodha wangu, aliingia ofisini saa nane mchana akafunga mlango. Cordell ana urefu wa mita mbili na kidogo, na ndiye sababu ya ushindi wetu wote sita. Mwaka jana chuo kimoja cha Tennessee kilimwita ahamie kwao. Chuo kikubwa, ndege za kwenda kwenye mechi, televisheni. Mimi niliendesha gari hadi Indianapolis, nikaketi mezani kwa bibi yake, Bi. Odessa, aliyemlea tangu akiwa na miaka miwili. Nikaapa. Nilisema, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika uma, kwamba nitakuwa hapa Pell Fork mpaka siku kijana huyu atakapovaa joho la kuhitimu. Amebakiza mwaka mmoja.

Nilimwambia akae. Hakukaa.

"Kocha, ni kweli?"

Nikasema mambo bado yanazungumzwa.

"Sikuulizi mambo. Unaondoka, huondoki?"

Nikasema hakuna kilichosainiwa. Nikaangalia kalenda ukutani kana kwamba jibu liko kwenye mwezi wa tatu.

"Ulimwapia bibi," akasema. "Mimi naweza kusahau. Yule hasahau kitu. Anakumbuka ulikula vipande vingapi vya pai."

Vitatu. Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa machache tu: Cordell, nimetunga yote. Nilihesabu baadaye, maneno mawili baada ya jina lake. Yakanishinda.

Halafu akasema, "Nilikuja kugombana. Wikiendi nzima nimejipanga. Lakini ukweli ni kwamba umesota, Kocha. Sisi tunakuona ukikunja taulo mwenyewe. Kama wamekuita, nenda. Bibi nitamwelewesha mimi."

Akanipa mkono. Mkono wake ulifunika wangu wote. Alipotoka nilikaa chini nyuma ya meza, sakafuni, watu wasinione kupitia kioo cha mlango.

Jumanne, 17 Februari

Voss kaniita! Nilivaa koti zuri. Nikajipanga kukataa ofa ya kwanza, kukubali ya pili, kisha kutangaza kwamba moyo wangu uko Pell Fork. Cordell anabaki na kocha wake, bibi anabaki na kiapo chake, Lorene nitamweleza taratibu, labda kiangazi. Kila mtu salama.

Alisema, "Orval, sisi hatuwezi kushindana na Ohio. Wala hatutajaribu. Si haki kukuwekea kizuizi."

Nikamwambia mtu anaweza kuzuilika.

Akacheka. Akanipiga begani, akasema ucheshi wangu ataukosa sana.

Nikamwambia, kwa uzito kabisa, kwamba wangejaribu kunizuia kidogo. Waone tu. Akacheka zaidi, akafuta machozi!

Nafasi yangu anapewa Rodney Stahl, msaidizi wangu. Ana miaka ishirini na tisa, ananyoa mara mbili kwa wiki, na mbinu zake za ulinzi anazichora kwenye leso za karatasi. Zile leso mimi nimekuwa nikipangusia mdomo. Jumamosi, mechi ya mwisho nyumbani, nitaagwa rasmi wakati wa mapumziko.

Nilitoka. Nikarudi. Nikaweka mkono kwenye kitasa cha mlango wa Voss. Bi. Ardith alikuwa kwenye taipureta yake. Akaacha kupiga. Akanitazama juu ya miwani kama mtu anayesubiri chai ichemke. Nikamuuliza kama ana stempu. Akanipa stempu.

Jumatano, 18 Februari

Nilirudi nimeamua. Leo namwambia mke wangu, liwalo na liwe. Kwanza chakula, kisha ukweli.

Lorene alipakua viazi. Akasema ana jambo, anaogopa nitamkasirikia. Mwezi uliopita bodi ya shule ilimwomba awe mwalimu mkuu kuanzia Septemba. Hakuniambia kwa sababu timu ilikuwa inafungwa kila wiki na hakutaka kuja nyumbani na furaha mikononi wakati mimi nimenuna. Alikuwa anasubiri tushinde mechi moja.

"Basi jana nimewaandikia barua," akasema. "Nimekataa. Usinitazame hivyo, Orval. Ohio kuna shule. Miaka ishirini na tisa umenibeba nyuma ya gari la mabegi na kila mji nilikuwa nasema, huu ndio wa mwisho. Huu nitaufuata kwa hiari."

Miaka ishirini na sita darasa la tatu. Mwalimu mkuu. Kwa barua moja.

Nilikula viazi. Nilivila vyote. Aliniongezea, nikala na hivyo.

Mimi ni mtu wa namna gani?

Jumamosi, 21 Februari

Naandika ili nisisahau, ingawa ningetoa kidole ili nisahau.

Jimu limejaa. Viti elfu moja na mia mbili, na watu wamesimama kwenye ngazi. Wapinzani ni nani? Mtakatifu Bruno! Prewitt kaja moja kwa moja, tai yake imekaa vizuri kuliko nilivyomfundisha. "Hongera, ndugu yangu! Chuo gani? Ohio nina jamaa kila mahali. Nitawapigia leoleo wakutunze." Nikamwambia siko huru kuzungumzia. Akasema, "Nani alikupigia?" Nikasema Whitcomb. Akakunja uso. "Whitcomb? Whitcomb yupi?" Kipenga kikapulizwa. Sijawahi kumpenda refa kama pale.

Mchezo ulianza nikiwa siwezi kusema neno. Macho kwenye viatu. Stahl akaona, akachukua ubao, akachora zile mbinu za leso. Vijana wakaingia wakaziba kila upenyo. Cordell alikuwa anacheza kama mtu anayemlipia mzazi wake fadhila. Mapumziko tunaongoza kwa pointi kumi na nne!

Kisha wakazima taa, wakawasha moja, ikanifuata.

Voss alishika maikrofoni. Akaeleza safari yangu tangu nikiwa mchezaji wa akiba. Akataja jezi nilizofua. Wakaleta zawadi: kiti cha kuyumba cha mti wa mwaloni, nembo ya Nyigu mgongoni, chini yake jina langu limechongwa. Watu wakasimama. Halafu kutoka jukwaani nikamwona mwanamke mfupi amevaa kofia ya zambarau, anashuka ngazi moja moja, kashikwa mkono na Lorene. Bi. Odessa. Kapanda basi kutoka Indianapolis, saa mbili na nusu kwenye theluji, amebeba pai ya viazi vitamu mapajani.

Nilidhani kaja kunisuta. Ningemshukuru! Alichukua maikrofoni akasema, "Huyu bwana aliniapia, na sasa anakwenda. Nilikasirika, siwafichi. Kisha nikamwomba Mungu anionyeshe, na akanionyesha kwamba mtu akikunyooshea mkono miaka yote hiyo, siku yake ikifika usimshike shati. Mwanangu, nakufungua kiapo. Nenda kwa amani."

Wakanipa maikrofoni.

Watu elfu moja na mia mbili. Lorene analia na kutabasamu. Cordell kasimama na jezi imelowa. Kimya hata unasikia mashine ya bisi inatoa mlio. Sasa, Orval, nikajiambia. Sasa hivi.

Nikasema: "Kiti kizuri sana."

Nikaketi. Nikayumba mara mbili. Wakashangilia.

Tumeshinda kwa pointi kumi na tisa. Ushindi wa kwanza dhidi ya Prewitt katika miaka minane, na sikutoa amri hata moja.

Jumapili, 22 Februari

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Lorene tumbo. Kwa mara moja lilikuwa kweli.

Pai iko mezani. Sijaigusa. Harlan alipiga simu kuuliza kama Daktari Whitcomb apige tena, ana mawazo mapya. Nikakata.

Jumatatu, 23 Februari

Bi. Ardith alikuwa ananisubiri mlangoni kwangu saa mbili asubuhi, mkoba mkononi, koti hajavua. Akaingia, akakaa, akasema mume wake anafuga nguruwe mia tatu. Kila Jumanne ya pili ya mwezi, miaka kumi na nne, yeye ndiye anayempigia Harlan kuagiza chakula chao.

Nilihisi masikio yanawaka.

"Nilimjua kabla hajamaliza kusema 'habari za asubuhi'," akasema. "Halafu nikasikia magunia. Nikajiambia, Orval si mtu mbaya, atakuja mwenyewe. Siku ya kwanza hukuja. Ulipokuja ukaniomba stempu. Jumamosi nilikutazama na ile maikrofoni mpaka macho yakaniuma. Yule bibi kapanda basi, Orval! Na kofia ile, ni ya kuvaa Pasaka."

Akatazama saa yake.

"Saa nne nampelekea Bwana Voss barua zake. Ama atakuwa amesikia kutoka kwako, au atasikia kutoka kwangu. Chagua."

Saa nne kasoro dakika tatu niliingia. Nilisema yote, nimesimama, kama anayesomewa mashtaka na anayeyasoma ni yeye mwenyewe. Voss hakukatiza. Mwisho akavuta droo, akatoa karatasi.

Mkataba. Jina langu. Miaka miwili! Umepigwa taipu tarehe 6 Februari.

"Nilikuambia tutafute nafasi tuongee," akasema.

Nikamwambia hakunitazama usoni, alitazama viatu.

"Kimoja kilikuwa cheusi na kingine cha kahawia, Orval. Sikutaka kukuaibisha mbele ya wanafunzi."

Akaichana karatasi. Polepole, bila hasira, kama mtu anayefungua barua ya msiba. Stahl ameshasaini, hakuna cha kurudisha. Nikauliza kuhusu kiti. Akasema kiti kina jina langu, nani mwingine atakichukua?

Kutoka hapo nilikwenda shuleni kwa Lorene. Watoto walikuwa nje kwenye theluji. Nilimweleza kwenye korido, kati ya makoti madogo yaliyotundikwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu.

"Nilipokuambia habari ya barua, ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

"Na ukaongezewa viazi, ukala."

Kengele ikalia. Akaenda kuwafungulia watoto mlango.

Ijumaa, 27 Februari

Gazeti: OHIO HAIKUMWITA DINKEL. Safari hii alama ya kuuliza hawakuweka.

Kwa Maxine nililetewa nyama isiyozidi mkate hata upande mmoja. Mkuu wa polisi ana pai mbili. Kinyozi kaninyoa bila kusema kitu, na kinyozi yule huongea hata akiwa na pini mdomoni. Harlan anasema mauzo yamepanda, watu wanakuja dukani kuisikia sauti ya Daktari Whitcomb. Lorene hazungumzi naye pia.

Bodi ya shule ilikutana jana. Lorene alikuwa ameandika barua ya pili, akaipeleka mwenyewe kwa mkono. Imechelewa kwa siku moja, walikuwa wameshachagua mwingine. Mwalimu mkuu atakuwa yule mwalimu wa darasa la tano, kijana, ana miaka sita kazini. Lorene kamwokea keki ya pongezi. Nilimwona akipaka sukari juu yake, anazungusha kisu, anarudia palepale palipokwisha kupakwa.

Nikasema, "Lorene, samahani."

Akasema, "Najua umeona aibu. Unaona aibu tangu nikujue. Mimi ningependa siku moja uone kabla, si baada."

Ni maneno matatu ya kwanza kwa siku nne, nikihesabu sentensi. Nimeyaandika hapa yote.

Jumatano, 4 Machi

Leo Stahl kaja nyumbani. Kasimama barazani na leso mkononi. Nilidhani kaja kuchukua kipenga.

Anataka niwe msaidizi wake. Mimi! Msaidizi wa msaidizi wangu. Nikamwuliza kwa nini. Stahl hawezi kudanganya, ni ugonjwa wake. Akasema kwamba mimi kuchora sijui, lakini najua nani anaumwa goti na anaficha, nani hajala, nani amegombana na baba yake. Halafu akasema pia kwamba Cordell amemwekea sharti.

Cordell alikuwa ndani ya gari. Alikuja akainamia mlango.

"Nimeongea na bibi," akasema. "Kakasirika mpaka kazima redio ya mahubiri. Anasema kiapo alichokufungua alikufungua kwa hila yako, kwa hiyo hakijafunguka. Uliapa utakuwepo. Hukuapa utakaa kiti gani. Kwa hiyo utakuwepo."

"Na wewe?" nikauliza.

"Mimi bado sijakusamehe, Kocha. Lakini taulo nani atakunja?"

Nikakubali. Nililia kidogo. Stahl akanipa ile leso, kisha akaidai tena, ilikuwa na mchoro.

Lorene alikuwa jikoni, alisikia. Alisema, "Angalau hii kazi umeombwa kweli."

Naapa, hapa, kwa wino: uongo sitaugusa tena. Wala uvumi, wala kukohoa mbele ya waandishi. Nitafua jezi. Nitashika ngazi. Mtu safi analala vizuri.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimelala vizuri mwezi mzima. Lorene ananisemesha kama zamani, karibu. Kazi si mbaya. Jezi zinanukia limau.

Leo gazetini nimeona tangazo. Kaunti inaanzisha Ukumbi wa Heshima wa makocha. Picha kubwa ukutani, sanamu ya shaba ya ukubwa wa kichwa cha mtu. Jina la kwanza lililopendekezwa: Gaylord Prewitt! Bila haya!

Sheria ni rahisi. Pendekezo litolewe kwa barua, na mwananchi wa kawaida asiye ndugu wala mfanyakazi mwenza. Mwisho Ijumaa.

Nimelifikiria kwa makini, kwa kuwa sasa mimi ni mtu mwaminifu. Uongo ni kujisifu kwa mambo ambayo hukufanya. Jezi nilifua kweli. Basi nililiendesha kweli. Kinachokosekana ni mwananchi tu, na hilo ni suala la karatasi.

Nimeandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko usitambulike. Aya ya kwanza imetoka vizuri mno: "Mimi ni mjane wa miaka themanini na moja, macho yangu hayaoni vizuri, lakini Kocha Dinkel nilimwona." Nimempa jina Hortense Ackerly. Nimempa na paka. Mjane mwenye paka, nani atamhoji?

Harlan anauliza kama mjane huyo atahitaji sauti.